Mandhari Zisizojulikana Sana Kuzunguka Moshi na Arusha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu anaposhuka stendi ya Moshi au uwanja wa ndege wa KIA bila nia ya kupanda Mlima Kilimanjaro, swali lake huwa ni moja: nje ya kilele na nje ya hifadhi za wanyama, kuna nini cha kuona? Majibu yaliyo hapa chini yamekusanywa kutokana na maswali ya namna hiyo, mengi yakiwa ya Watanzania wenyewe wanaokuja likizo, kumzika ndugu au kuhudhuria mahafali, wakabakiwa na siku mbili za ziada. Nikiombwa ushauri wa jumla huwaambia wafuate maji. Kilele kila mtu anakijua. Mahali maji yake yanapotokea, yanapopotelea na yanapoibukia tena ndipo penye mandhari ambazo wengi huzipita wakiwa wamelala ndani ya basi.

Nina siku moja tu, na niko Moshi mjini. Nianzie wapi?

Anzia Materuni, kijiji cha Uru kilichoko kilometa kumi na tano hivi kutoka mjini, ambako barabara inapanda mfululizo mpaka hewa inabadilika na unaanza kutafuta sweta uliloliacha nyumbani. Maporomoko yake yanashuka kwenye ukuta mrefu wa mwamba hadi kwenye kidimbwi chenye maji baridi sana. Ukweli ni kwamba maporomoko hayo ni nusu tu ya safari, kwani nusu nyingine ni njia yenyewe, inayopita katikati ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga: migomba juu, kahawa chini ya migomba, magimbi chini ya kahawa, na pembeni mwa vyote mfereji mwembamba unaokwenda bila kelele.

Mfereji huo ndio mfongo. Wachagga walichimba mifongo kwa vizazi vingi, wakiyatoa maji kwenye makorongo ya juu na kuyazungusha kwenye kingo za milima kwa mteremko mdogo kiasi kwamba mgeni huapa kuwa maji yanapanda. Ukimkuta mzee amesimama kando ya mfongo akiwa na jembe, mwamkie, usimame utazame. Atang'oa bonge la udongo lililofumwa na majani makavu ya mgomba kutoka kwenye mchepuko mmoja, atalikandamiza kwa kisigino kwenye mchepuko wa pili, na maji yatasita kidogo, yatajaa, kisha yatageuka kuelekea kihamba cha jirani ambaye zamu yake imefika. Kazi nzima haizidi dakika mbili. Kinachoiongoza ni zamu zinazojulikana na watu wote wa mtaa, na mwenye kuiba maji ya zamu ya mwenzake hupelekwa mbele ya wazee wa mfongo.

Wenyeji pia huonyesha jinsi kahawa inavyokobolewa, inavyokaangwa juu ya kuni na kutwangwa kwenye kinu kwa kupokezana na kuimba. Wengine huliona kama onyesho la watalii, na kwa kiasi fulani ndivyo lilivyo, lakini kahawa ni ya kweli na historia yake ni ya kweli. Zao hilo ndilo lililozaa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, mmojawapo wa ushirika mkongwe zaidi barani Afrika, na shule nyingi za mkoa huu zilijengwa kwa fedha ya kahawa.

Je, maji ya Chemka ni ya moto kweli?

La. Jina la «maji moto» limewapotosha wengi. Chemchemi za Chemka, ambazo pia huitwa Kikuletwa, zina maji ya uvuguvugu tu, masafi kiasi cha kuona mchanga na mizizi ya mikuyu chini kabisa, na yanatoka ardhini katikati ya nyika kavu ya Wilaya ya Hai. Hilo ndilo la kustaajabisha: unasafiri kilometa kumi na kitu za vumbi kutoka Boma Ng'ombe, ukipita miiba na mbuzi, na ghafla unakuta kisiwa cha miti mirefu na bwawa la rangi ya samawati. Samaki wadogo watakudonoa vidole vya miguu ukikaa kwenye ukingo, jambo ambalo watoto hulipenda na watu wazima hujifanya hawalijali.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, bwawa lina kina na mkondo una nguvu kuliko unavyoonekana, hivyo asiyejua kuogelea akodishe boya na asiliache. Pili, usiende Jumapili wala sikukuu kama unatafuta utulivu, maana muziki wa spika na harufu ya nyama choma vitakuwa vimefika kabla yako. Siku ya katikati ya wiki, saa tatu asubuhi, pale ni mahali pengine kabisa. Tumbili wako kila siku. Funga mfuko wa chakula.

Marangu kuna nini kwa mtu asiyepanda mlima?

Kuna maporomoko kadhaa, yakiwamo Kinukamori, Ndoro na Kilasiya. Kinukamori ni rahisi kufikika kwa miguu kutoka Marangu Mtoni na lina simulizi linalojulikana na kila mtu wa hapo: binti aitwaye Makinuka alipata mimba kabla ya ndoa, akaenda kujitupa kwenye maporomoko kwa kuogopa adhabu, akabadili nia, lakini alipogeuka arudi alikutana na chui, akatumbukia. Sanamu ya binti na chui imewekwa juu ya korongo. Kwa mandhari, mimi huona Kilasiya kuwa zuri zaidi, kwa kuwa bonde lake limefungwa na miti na unashuka ngazi nyingi kabla ya kuliona, ingawa magoti yatakudai wakati wa kupanda.

Yapo pia mapango ya Wachagga, mashimo yaliyochimbwa ardhini ambamo familia zilijificha pamoja na mifugo wakati wa vita na Wamasai. Mwenye kuogopa sehemu finyu asijilazimishe kuingia.

Jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika umo kwenye mteremko wa kusini wa mlima huu huu, katika bonde la Mrusungu. Ni mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, na habari zake zilitangazwa mwaka 2016. Umo ndani ya msitu wa hifadhi, hivyo hauendewi kwa kukata njia tu; anayetaka kuuona aulize utaratibu wa kibali kwanza. Ukanda wa msitu ambao wenyeji waliuzoea kwa jina la «nusu maili», walimokuwa wakikata majani ya ng'ombe, uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na tangu hapo baadhi ya njia na maporomoko ya juu yamo ndani ya mpaka. Mwongozaji akikuambia hapa hapapitiki, mara nyingi ndiyo sababu.

Ziwa Chala liko wapi, na je, ni salama kuogelea?

Liko Wilaya ya Rombo, mashariki mwa mlima, na mpaka wa Tanzania na Kenya unalikata katikati. Unatoka Moshi hadi Himo, kisha unaelekea upande wa Holili na kuchepuka kaskazini. Hulioni mpaka umefika ukingoni: nyika ya kawaida, mawe, miiba, halafu ardhi inakatika na chini yako kuna maji ambayo asubuhi ni ya kijani na mchana ni ya buluu iliyokolea.

Ni ziwa la kreta, lenye kina cha mita 90 hivi. Hakuna mto mkubwa unaoingia wala kutoka. Linalishwa zaidi na maji yanayopita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro, na linavuja vilevile chini kwa chini. Humo kuna aina ya perege isiyopatikana mahali pengine kiasili. Mwaka 2016 watafiti walitoboa tope la sakafu yake wakatoa nguzo ya zaidi ya mita 200, yenye kumbukumbu ya hali ya hewa ya miaka takribani 250,000. Nimewahi kumweleza hayo mvuvi mmoja wa pale, akanijibu kwamba yeye tope hilo huliona kila siku na halijawahi kumwambia lini mvua itanyesha.

Kuhusu kuogelea, sikushauri. Mwaka 2002 msichana Mwingereza aliuawa na mamba upande wa Kenya, na hata ukiacha mamba, kuta za kreta ni za wima, ufuko ni finyu na msaada uko mbali. Tembea ukingoni, shuka kwa njia iliyopo ukiwa na mwenyeji, keti, rudi kabla jua halijawa kali.

Ni wapi unapoonekana Mlima Kilimanjaro vizuri bila kuupanda, na saa ngapi?

Saa ndiyo ya muhimu kuliko mahali. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena jioni kabla ya jua kuzama, mlima huwa wazi. Katikati ya mchana unyevu wa msitu hupanda, hupoa na kuwa mawingu, na mlima hujifunga shuka. Mwezi wa saba na wa nane unaweza kukaa Moshi wiki nzima usiuone, ukabaki kuonyeshwa kwa kidole upande uliko.

Kwa mahali, wengi husimama mjini, lakini ukiwa karibu hivyo unaona Kibo tu na kuisahau Mawenzi, ambayo kwa mita 5,149 ingekuwa fahari ya nchi nyingi. Nenda mbali kidogo. Kutoka milima ya Upare Kaskazini unaziona Kibo na Mawenzi pamoja, na kutoka kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu mlima mzima unasimama juu ya maji, mitumbwi ikiwa mbele yake. Ni bwawa hilo ndilo linalopokea mito ya Kikuletwa na Ruvu, na kutoka hapo mto Pangani unaanza safari yake ya baharini. Kwa hiyo maji uliyoogea Chemka juzi umeyakuta tena.

Kwa nini unasisitiza sana Upare?

Kwa sababu kila mtu anaupita. Basi la Dar es Salaam linakwenda chini ya milima ya Upare kwa saa mbili na zaidi, abiria wametazama nyika ya kulia na simu zao, na ukuta wote wa kijani wa kushoto hauna anayeuuliza jina.

Milima hii haina undugu na Kilimanjaro, ingawa inatazamana nayo. Kilimanjaro ni volkano, changa kwa hesabu za kijiolojia. Upare ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya miamba mikongwe mno inayoanzia milima ya Taita nchini Kenya, ikapita hapa na kuendelea Usambara, Uluguru na Udzungwa hadi kusini. Misitu ya kileleni imekuwa ikipokea unyevu wa Bahari ya Hindi kwa muda mrefu huku nyika kavu ikiizunguka kama bahari, na viumbe vyake vimebaki visiwani. Ndiyo maana msitu wa Chome una ndege wadogo wenye duara jeupe machoni wasiopatikana kwingine.

Upare Kaskazini unaufikia kwa kushuka Mwanga mjini, kilometa zisizozidi sitini kutoka Moshi, na kupanda gari la Usangi au Ugweno. Usangi umekaa kwenye bakuli la vilele, na juu yake kuna msitu wa Kindoroko ambao kilele chake kina mita 2,100 na ushei. Kutoka kwenye ukingo wa milima hii unaona pande mbili zisizofanana hata kidogo: upande mmoja Ziwa Jipe, lililozongwa na matete na kugawanywa na mpaka wa Kenya, na upande mwingine bonde kavu la Nyumba ya Mungu. Ugweno ulisifika zamani kwa wahunzi wake, na Wachagga walinunua chuma huko. Ukibahatika kupata mwenyeji mwenye subira, atakuonyesha mahali palipofuliwa.

Upare Kusini, Wilaya ya Same, una kitu kinachostahili safari peke yake: ndiva. Ni mabwawa madogo ya udongo na mawe yanayojengwa kwenye mteremko, yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi ili maji yapate nguvu ya kufika mashamba ya mbali. Aliyeiona mifongo ya Uru ataona mara moja kuwa hapa watu walikabiliwa na maji machache zaidi, wakapata jibu lao wenyewe. Njiani utapita mashamba ya tangawizi, hasa ukielekea Mamba Miamba, na ukialikwa chakula kitakuwa makande. Usikatae sahani ya pili. Utakuwa umekosea adabu, na makande ya Upare yenye karanga hayakataliki.

Kilele cha Shengena kinahitaji maandalizi gani?

Shengena, mita 2,462, ndicho kilele cha juu kabisa cha Upare, nacho kimo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Lala Same au kijijini Chome, lipia kibali, chukua mwongozaji wa kijiji, na uanze mapema. Huhitaji wagumu, kama wanavyoitwa wapagazi wa Kilimanjaro, wala mitungi ya hewa. Unahitaji viatu visivyoteleza, koti la mvua na suruali ya kuchomeka ndani ya soksi, kwa kuwa siafu wa msituni hawaogopi mtu. Kilele mara nyingi kina ukungu. Ukungu ukitoweka, utaona nyika ya Mkomazi chini yako, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008, ambako faru weusi wanatunzwa.

Usambara je? Si mbali mno?

Ni mbali kwa siku moja, si mbali kwa siku tatu. Unashuka Mombo, unapanda gari la Lushoto kupitia Soni, na unakwenda kusimama Irente, mahali ambapo mlima unakatika na nyika iko chini yako kwa mamia ya mita. Kutoka huko dunia ilipata ua la Usambara, linalopandwa madirishani Ulaya na Marekani na ambalo lilipewa jina la kitaalamu mwaka 1893 kwa heshima ya afisa Mjerumani. Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmstal. Mengine yanahitaji ukurasa wake.

Niko Arusha kwa mkutano na nina nusu siku. Kuna kitu karibu?

Ziwa Duluti, karibu na Tengeru, kando ya barabara ya Moshi. Nalo ni ziwa la kreta, dogo, limezungukwa na msitu wenye njia ya miguu inayolizunguka, na kwa mwendo wa kawaida utamaliza kabla hujachoka. Ukienda Jumamosi, pitia soko la Tengeru, ambapo ndizi, parachichi na mitumba hushindana kwa kelele.

Si mbali na hapo kuna makaburi ya Wapoland. Mwaka 1942 na miaka iliyofuata, Tengeru ilikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland takribani 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliotolewa katika Urusi ya Kisovieti na kupitia Uajemi hadi huku. Baada ya vita wengi waliondoka, wachache walibaki na kuzikwa hapa. Misalaba ya Kipoland chini ya miti ya Meru ni jambo ambalo mtu halitarajii, na ukimya wa mahali pale unastahili robo saa yako.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ina kipi ambacho hifadhi kubwa hazina?

Ina ukaribu, na ina miguu. Unaweza kutembea ukiwa na askari mwenye bunduki, jambo lisilowezekana katika sehemu nyingi za wanyama. Ilianzishwa mwaka 1960 ikiitwa kwa jina la kreta ya Ngurdoto, ambayo mpaka leo wageni huitazama kutoka ukingoni tu bila kuruhusiwa kushuka. Nyati walio chini wanaonekana kama mbegu za papai.

Maziwa ya Momela ndiyo ninayoyapenda zaidi. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wote wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka, na vifusi vyake vikasambaa mpaka mbali; vilima vidogo unavyoviona Momela ni mabaki ya ubavu huo, na maziwa yamekaa kwenye mabonde yaliyo kati yake. Kila ziwa lina madini na mwani wake, hivyo rangi zinatofautiana, na heroe, au flamingo kama wengi wanavyowaita, huchagua ziwa moja na kulipuuza lililo jirani. Ukisimama hapo ukatazama Meru, utaona pengo lenyewe, lenye umbo la kiatu cha farasi. Barabarani kuelekea huko angalia juu ya miti: mbega weusi kwa weupe huruka kama mashuka yaliyopeperushwa.

Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron ni kwa wataalamu tu?

Ziwa si la wataalamu. Mlima una masharti.

Lengai, «Mlima wa Mungu» kwa Kimaasai, una mita 2,962 na ni volkano hai. Hakuna nyingine duniani inayotoa lava ya aina yake kwa sasa: ina kabonati ya sodiamu nyingi, joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, yaani karibu nusu ya lava ya kawaida, inatiririka nyeusi na nyepesi kama oili chafu, kisha inapokutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Ndiyo maana kilele chake huonekana kama kina theluji hali hakina hata kidogo. Mwaka 2007 ulilipuka kwa nguvu. Watu huupanda kuanzia usiku wa manane ili wafike alfajiri na kushuka kabla ya joto, juu ya majivu yanayokurudisha hatua moja kwa kila mbili. Kama goti lako lina historia, baki chini.

Chini kuna mengi. Kutoka Mto wa Mbu barabara inapita Engaruka, ambako kuna mabaki ya kijiji cha mawe na mashamba ya kumwagilia yaliyotumika kati ya karne ya 15 na ya 18, kisha yakaachwa. Mifereji yake imekauka, lakini mistari ya mawe bado inaonekana ikifuata mteremko kwa nidhamu ileile ya mifongo. Mbele zaidi, kijijini Engare Sero, unatembea ndani ya mto kati ya kuta za mwamba hadi kwenye maporomoko, na kando ya ziwa kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizoganda kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba. Unaona kisigino, unaona vidole, unaona mahali mtu alipoharakisha. Natron yenyewe ni chumvi na magadi, na ndiko wanakozaliana heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote, kwa kuwa adui zao hawawezi kulivuka tope lile.

Joto la huko si la mzaha. Beba maji mara mbili ya unayodhani yatatosha, na beba fedha taslimu, kwa maana kuna mageti ya ushuru ya ngazi mbalimbali njiani. Dai stakabadhi kila mahali.

Ndani ya Ngorongoro kuna mahali pasipo na msururu wa magari?

Kreta ya Empakaai. Unashuka kwa miguu na askari kupitia msitu mpaka kwenye ziwa lililojaa sehemu kubwa ya sakafu yake, na ukiwa ukingoni siku ya mwanga unaiona Lengai upande wa kaskazini mashariki. Ada ni zilezile za Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, kwa hiyo si safari ya bei nafuu.

Ni msimu gani unaofaa?

Januari na Februari, na Juni hadi Oktoba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, maporomoko yanakuwa makubwa na barabara zinakuwa mbaya kwa kiwango hichohicho. Aprili moja niliwapeleka wageni watatu Materuni kwa Noah ya kukodi, ambayo mwenyewe aliniapia kuwa ina matairi mapya. Tulipoanza kurudi nyuma kwenye tope jekundu, nikashuka kuyatazama: yalikuwa mororo kama upara. Tulisukumwa na vijana wa kijiji, tukawalipa, na mwenye gari akadai nyongeza ya kulisafisha. Tangu siku hiyo hukagua matairi kwa mkono wangu kabla ya kupatana bei.

Tope si kero tu. Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliua makumi ya watu Katesh na vijiji vya jirani. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha juu ya mlima, usiingie kwenye korongo lolote, hata kama ulipo kuna jua.

Usafiri wa kawaida unafika?

Unafika karibu kila mahali palipotajwa isipokuwa Natron, Empakaai na ndani ya hifadhi. Uru na Marangu kuna daladala na Noah siku nzima. Usangi na Ugweno magari hujaza asubuhi na kupungua mchana. Chala na Chemka utamalizia kwa bodaboda. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, ulipe nusu, na nusu nyingine ulipe ukiwa umerudishwa.

Malipo yako vipi, na mwongozaji ni lazima?

Kwenye hifadhi za taifa na misitu ya serikali malipo hufanywa kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, hivyo usitegemee noti. Raia hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko wageni, mradi awe na kitambulisho. Watu husahau kadi ya NIDA nyumbani, kisha wanabishana na askari asiye na la kufanya. Vijijini hulipwa mchango kwenye ofisi ya utalii wa kijiji.

Mwongozaji si lazima kila mahali kisheria, lakini njia za vihamba zinapita kwenye viwanja vya watu. Kukatiza kihamba cha mtu bila mwenyeji ni sawa na kupita sebuleni kwake. Mlipe mwongozaji wa kijiji hichohicho, badala ya yule aliyekudaka stendi, maana wa stendi naye atamtafuta huyohuyo na utalipa mara mbili.

Kuhusu picha na mavazi?

Omba kwanza. Shikamoo kwa wazee inafungua milango mingi kuliko fedha. Uchagani ukimwita mzee «Meku» atacheka na kukukaribisha, na Umasaini «supai» inatosha kuanzia. Usimpige picha mtu akiwa kazini kwenye mfongo au kisimani bila ruhusa. Nguo za kuogelea ziishie kwenye maji. Majani ya masale unayoyaona kwenye mipaka ya vihamba usiyachume kwa ajili ya picha: kwa Wachagga ndiyo yanayobebwa kwenda kuomba msamaha, na utaulizwa umemkosea nani.

Nina watoto wadogo na mama yangu mzee. Tunaweza kwenda wapi pamoja?

Duluti, Momela na Kinukamori, kwa utaratibu huo wa urahisi. Chemka pia inafaa kama mmoja wenu atabaki kando ya watoto bila kuondoa macho. Materuni mama anaweza kuishia nyumbani kwa wenyeji wanaokaanga kahawa, na kwa kawaida mtakaporudi kutoka kwenye maporomoko mtamkuta amepewa kigoda, mtori na habari za ukoo mzima, hataki kuondoka.